Maneno Kumi

Kisiki alishuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, kama anavyoshuka kila asubuhi, mikono yote miwili imeshika mbao ya pembeni. Magoti yake yaliacha zamani kukubali kushuka kwa mbele kabla jua halijapanda. Mapacha wake walipokuwa wadogo walidhani baba wote duniani hushuka hivyo, mpaka siku walipolala kwa shangazi yao wakamwona mume wa shangazi akishuka huku anatazama aendako. Walirudi nyumbani na habari hiyo kama watu walioona maajabu. Kisiki alicheka mpaka mbavu zikamuuma, ingawa kwa mbavu zake hilo halikuhitaji kicheko kingi.

Kazi yake ilikuwa raga, na nikisema kazi nina maana ya kazi: ya kuamkia, ya kulipwa, na ya kurudi nayo nyumbani mgongoni. Kwenye skramu, pale watu wanane wanapoinama kusukumana na wanane wengine mabega kwa mabega, yeye ndiye anayekaa katikati ya mstari wa mbele, amening'inia kati ya majitu mawili, kichwa chake kikikutana na vichwa vya maadui kabla ya kichwa cha mtu mwingine yeyote. Jina la Kisiki alipewa na wenzake mwaka wake wa kwanza, kwa vile alikuwa mfupi, mpana, na hang'oki. Hata mama mkwe wake humwita hivyo akisahau adabu. Masikio yake yamevimba na kujikunja kwa misuguano ya miaka, na vidole viwili vya mkono wa kulia vinaelekea upande wao wenyewe, kama watu waliosusa.

Chini, mkewe alikwisha kaa kwenye cherehani. Chumba cha mbele ndicho kiwanda chake: vitambaa kwenye kiti, pini kwenye mto, nyuzi kwenye zulia zima. Yeye ndiye anayemshonea mumewe mashati yote, maana shati la dukani likimtosha Kisiki shingo, mikono yake inamfika magotini. Kila mwanzo wa msimu humpima upya.

"Njoo hapa, Baba Mapacha. Shingo."

"Haijaongezeka."

"Wewe utajuaje? Futi ndiyo inayojua."

Akainama. Akazungushiwa futi. Mama Mapacha aliishika kwa kidole gumba, akasoma, akaguna kama fundi anavyoguna akikutana na kazi ngumu.

"Nimeoa nguzo ya umeme," akasema.

"Umeolewa na nguzo ya umeme."

"Vyovyote. Leo ndiyo mnapimwa kichwa?"

"Leo."

"Na huyu daktari mpya?"

"Huyu mpya."

"Haya. Kafanye kama kawaida yako," akasema, akatabasamu, akarudi kwenye mshono wake. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyetua mzigo, na ndilo lililomchoma Kisiki mpaka mlangoni. Alifunga viatu akiwa amekaa kwenye ngazi, akaona uchovu unamshika na siku yenyewe haijaanza.

Sasa, ili ujue kwa nini tabasamu la mke limchome mtu, lazima ujue kipimo chenyewe na ujanja wake.

Kila mwanzo wa msimu, kabla hata mpira haujaguswa, daktari wa timu humwita kila mchezaji peke yake na kumpima kichwa. Hakuna mashine. Anamtajia maneno kumi ayarudishe. Anamtaka ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Anamsimamisha mguu mmoja mbele ya mwingine, macho amefumba. Matokeo yanaingizwa kwenye kompyuta yakae. Baadaye, msimu ukiwa umepamba moto, mtu akigongwa akaona nyota huvutwa pembeni na kuulizwa yaleyale, halafu majibu yanalinganishwa na yale ya mwanzo. Akionekana ameshuka, anakaa nje, na mwingine anavaa jezi yake. Na jezi ikishazoea mgongo wa mwingine, kuirudisha ni vita.

Basi wachezaji, ambao watu huwadhania vichwa maji, wakakaa wakapiga hesabu. Ukijionyesha mjinga mwanzoni, hakuna kipigo kitakachokuonyesha mjinga zaidi. Daktari atalinganisha ujinga na ujinga, atasema huyu yuko vilevile, na utarudi uwanjani bado masikio yanakulia.

Kisiki alifundishwa ujanja huo na nahodha wa zamani, jitu la miraba minne lililomkalisha kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo na kumwambia, "Ukitajiwa kumi, rudisha manne. Hayo sita yatakulinda." Akayarudisha manne mwaka ule, na kila mwaka. Akawa fundi. Alikuwa anayasikia yote kumi, anayapanga kichwani kama sahani kabatini, halafu anachagua yapi ayavunje. Aliijua sura ya kuvaa, kukunja uso, kutazama dari, kuomba radhi. Akitoka nje alikuwa anamtajia Gunia, jirani yake wa skramu, maneno yote kumi kwenye korido, na Gunia anakufa kwa kicheko. Kisha yeye naye akawafundisha wadogo. Nusu ya timu ilikuwa na ujinga wa kuazima, na mwenye duka alikuwa Kisiki.

Mwaka uliopita hakumtajia Gunia yale maneno. Alisema amechoka.

Huyo nahodha wa zamani bado huja uwanjani siku za mechi. Hukaa jukwaani na koti lake la timu, hushikana mikono na kila anayepita, na kila mtu kwake ni bingwa. "Habari yako, bingwa! Karibu, bingwa!" Mwenyekiti ni bingwa, mfagiaji ni bingwa, mkewe mwenyewe ni bingwa. Watu humpenda sana kwa hilo. Wanasema mzee hana makuu.

Halafu kulikuwa na kisa cha kufuli, msimu uliopita ulipoisha. Kisiki alitoka kwenye mazoezi ya viungo jioni, akaendesha gari mpaka nyumbani, akashuka, akaingiza ufunguo kwenye kufuli la geti. Ukagoma. Akaugeuza, akaupangusa kwenye suruali, akaulaani. Alikuwa ameanza kulitikisa geti lenyewe mtu alipotoka ndani na tochi na kipande cha bomba. Ilikuwa nyumba waliyohama mapacha wakiwa hawajaota meno. Bahati nzuri mwenye nyumba alikuwa shabiki. Alilitupa lile bomba, akamkumbatia, akaita familia nzima, wakapiga picha na Kisiki mbele ya geti ambalo dakika chache nyuma alikuwa anataka kuling'oa.

Aliirudisha nyumbani kama hadithi ya kuchekesha, na aliisimulia vizuri, bomba, tochi na picha. Mapacha walivunjika mbavu. Shemeji yake aliyekuwa amekuja kuchukua gauni alilia kwa kucheka. Mama Mapacha hakucheka. Alimtazama mumewe, halafu akatazama ukutani, halafu akaenda jikoni na kukaa huko muda mrefu na hakuna alichokuwa anapika.

"Ni uchovu tu," Kisiki alimwambia wakiwa wamelala.

"Uchovu unasahaulisha mtu kwake?"

"Msimu ulikuwa mrefu."

"Mimi nakuuliza kwa sababu chumvi nayo umeiuliza mara ngapi leo mezani, na ilikuwa mbele yako. Nenda kapimwe."

"Napimwa kila mwaka."

"Basi nipe namba ya daktari."

Akampa. Angefanyaje? Daktari wa timu wa wakati ule, mzee aliyekuwa anajiandaa kustaafu, alikuwa mtu muungwana. Alizungumza na Mama Mapacha kwa upole, simu ikiwa imewekwa sauti ili mume naye asikie. Akasema amemwangalia huyu kijana tangu anakuja timuni. Akasema kuna wachezaji ambao matokeo yao yanapanda na kushuka, lakini ya Kisiki ni yaleyale miaka nenda miaka rudi. "Mama, kama kungekuwa na kitu, kingeonekana. Namba zake hazijasogea hata kidogo."

Mama Mapacha aliweka simu chini, akafunika uso na kanga, akalia. Alilia kwa furaha, mabega yakimtikisika, na alipomaliza akamshika mumewe masikio yake mabaya akayabusu moja baada ya jingine. Usiku ule alilala kama mtoto. Kisiki ndiye aliyekesha, kwa sababu yeye peke yake, katika watu wote wa dunia, alijua kwa nini namba zile hazijasogea.

Aibu ilimkaa kooni tangu siku hiyo. Akawaza njia ya kuitoa bila kufungua mdomo, na akaiona: kipimo cha msimu mpya. Safari hii asingeigiza. Angerudisha yote kumi, au tisa, mtu si malaika. Hapo angekuwa ameivua ngao yake mwenyewe, maana kuanzia siku hiyo kugongwa kidogo tu kungemtoa nje. Sawa. Huu ulikuwa msimu wake wa mwisho, na mwili wenyewe ulikuwa unaomba kutolewa nje. La muhimu, kungekuwa na jibu moja la kweli mahali fulani, na tabasamu la mkewe lingekuwa limesimama juu ya kitu. Hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka. Kwamba asingeweza kupata kumi, wazo hilo halikumpitia. Au lilimpitia akaangalia pembeni.

Kwenye korido ya zahanati ya timu wachezaji walikuwa wamekaa kwenye benchi refu, miguu imejaa njia. Harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa imeshika kuta. Gunia alisogea kumpa nafasi, na benchi zima likasogea naye.

"Mzee, mimi leo naenda na matatu," Gunia alinong'ona. "Manne naona nimezidi kuwa msomi."

"Watakupeleka shule ya chekechea."

"Si ndiyo vizuri, kuna kulala mchana." Gunia alijikuna kidevu. "Na miezi nitaruka Machi. Wewe unaruka upi?"

"Nitaona hukohuko."

"Haya, mwalimu. Fundi hafundishwi."

Kisiki alitaka kumwambia. Wamekuwa wakishikana mabega na Gunia kwa miaka, anajua pumzi yake kuliko anavyojua ya ndugu yake wa damu. Lakini ukimwambia mtu kwamba leo utasema kweli, lazima umwambie pia kwa nini, na hiyo kwa nini ilikuwa nzito kuliko Gunia mwenyewe. Mlango ukafunguliwa, akaitwa.

Daktari mpya alikuwa dada mwembamba mwenye miwani na sauti ya haraka. Chumba kilikuwa kidogo: kitanda cha wagonjwa, mizani, meza, kompyuta. Alimkaribisha kiti, akasema amesikia sifa zake, akaomba radhi kwamba maswali ni ya kitoto kidogo.

"Nimeyazoea, daktari."

"Najua. Haya. Nitakutajia maneno kumi, polepole. Nikimaliza, nirudishie yote unayokumbuka, kwa mpangilio wowote. Tutafanya hivyo mara tatu, maneno ni hayohayo. Uko tayari?"

"Niko tayari."

Na alikuwa tayari. Aliweka mikono juu ya mapaja, akafumba macho, akafungua lile kabati lake la sahani.

"Kijiko. Ngazi. Limau. Kengele. Punda. Dirisha. Chumvi. Soksi. Moshi. Kitanda."

"Kijiko," akasema Kisiki. "Ngazi. Limau." Zilikuja vizuri, tatu, zinang'aa. "Kitanda. Soksi." Akanyoosha mkono ndani zaidi, na huko hakukuwa na kabati. Hakukuwa na giza wala ukungu kama watu wanavyosema. Palikuwa mahali pa kawaida tu ambapo hakuna kitu, kama meza iliyokwisha futwa. "Bado yapo," akasema. "Ngoja."

"Chukua muda wako."

Akachukua. Akakunja uso. Akatazama dari. Akajishtukia kwamba ile ndiyo sura yake ya maigizo, ileile aliyowafundisha wadogo, ila leo ilikuwa imekuja yenyewe. Akaomba radhi.

Mara ya pili alipata matano. Mara ya tatu alipata sita, akashusha pumzi. Wakaenda kwenye namba za kurudisha kinyume, akazikoroga. Miezi aliianza kwa kishindo. "Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba, Agosti, Juni..." Akasikia kuna kitu kimekosekana, akarudi, akaingia Agosti mara ya pili, akatokea Mei. Alisimama mguu mbele ya mguu, mikono kiunoni, macho amefumba, yeye Kisiki asiyeng'oka, na mara mbili alilazimika kushika mizani ili asianguke.

"Na mwisho," daktari alisema, "yale maneno ya mwanzo. Niambie yoyote unayoyakumbuka."

Alijikaza. Sijui kama umewahi kumwona mtu mwenye shingo kama ile akijikaza akiwa amekaa tu kwenye kiti. Mishipa ilimsimama. Aliwahi kutumia nguvu chache zaidi kumzuia mtu asifunge trai.

"Kijiko," akasema. "Ngazi." Akafumba macho. "Soksi." Akayafumbua. "Kitanda."

"Vizuri. Mengine?"

"Hayo tu."

Daktari aligeukia kompyuta, vidole vikikimbia. Kisiki alitazama mgongo wake kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu. Sasa ataona, alijiambia. Ataona, atageuka, ataniuliza. Na moyoni alikuwa anataka aulizwe.

Daktari aligeuka, anatabasamu.

"Safi kabisa. Manne mwishoni, sawasawa na mwaka jana. Na mwaka juzi. Kaka, nyie wa mstari wa mbele mna vichwa vya ajabu. Hujabadilika hata kidogo." Akampa mkono. "Nenda kacheze. Na umwite huyo anayefuata."

Alitoka. Kwenye korido Gunia alimtupia jicho la swali, na Kisiki akainua dole gumba, kwa mazoea, mkono ukafanya wenyewe. Gunia akamkonyeza kwa heshima, kama mwanafunzi anavyomkonyeza bingwa wa ufundi, akaingia na matatu yake.

Alivaa. Alijifunga plasta vidoleni, akajifunga kichwani ile tepu ya kukinga masikio, akaenda uwanjani na wenzake waliokwisha pimwa. Nyasi zilikuwa na maji ya asubuhi. Kocha alikuwa amekwisha panga watu wa mbele kwa ajili ya skramu, ya taratibu tu, ya kufungulia msimu. Upande wa kushoto wa Kisiki alisimama mchezaji mpya, mnene wa mashavu, aliyesajiliwa kutoka timu nyingine. Walikuwa wametambulishwa juzi, wamekula meza moja jana, wamebadilishana habari za watoto. Kisiki alimpitishia mkono mgongoni, akaishika jezi yake.

"Nishike vizuri," alimwambia. "Usinidondoshe..." Akatafuta jina. Palepale penye meza iliyofutwa. "Usinidondoshe, bingwa."

Neno lilimtoka kinywani, akalisikia.

"Inama!" kocha akaita.

Wakainama wote. Mbele yake, karibu kabisa, palikuwa na vichwa vitatu vya upande wa pili vinamsubiri, na katikati yao nafasi ndogo ya kichwa chake, aliyoingia mara zisizo na idadi. Akilini alimwona nahodha wa zamani na koti lake jukwaani. Karibu, bingwa. Watu wanasema mzee hana makuu. Kumbe mzee alikuwa hana kichwani jina la mtu hata mmoja, na hakuna aliyejua, kwa sababu alikuwa ameficha vizuri, kwa miaka, na mwisho kilichofichwa kikafanana na kificho chake.

"Shika!"

Wakashikana. Uzito wa watu watano nyuma yake ulianza kumlalia kiunoni.

"Ngoja," Kisiki alisema.

Hakuna anayesema ngoja kwenye skramu. Kocha alidhani amesikia vibaya.

"Ngoja, ngoja. Niachieni." Alisimama, akajitoa mikononi mwa watu mmojammoja, taratibu, na lile fungu zima likalegea na kukaa kwenye nyasi kwa miguno na matusi. Kocha aliuliza ni mgongo? Kisiki akasema hapana. Ni goti? Hapana. Akatembea kuvuka uwanja, na kwa jinsi alivyokuwa amechoka, uwanja ule alioukimbia nusu ya maisha yake ulimwia mrefu ajabu.

Korido ilikuwa tupu. Gunia alikuwa amekwisha maliza na kwenda zake. Kisiki alichukua begi lake la mazoezi alilokuwa ameliacha chini ya benchi, akabisha hodi, akaingia na viatu vyake vya meno, akiacha vipande vya udongo kwenye sakafu safi.

"Samahani, daktari. Nachafua."

"Haidhuru. Umeumia?"

"Hapana." Alibaki amesimama. "Yale majibu ya mwaka jana. Na ya juzi, na ya nyuma yote. Yalikuwa ya uongo. Nilikuwa naigiza. Nilikuwa nayasikia yote kumi, nataja manne, ili nikigongwa msinitoe."

Daktari alivua miwani. Uso wake ulipita kwenye hasira kwanza, na alikuwa na haki yake.

"Unajua ulichokuwa unakifanya?"

"Najua."

"Na ya leo pia?"

Vidole vya Kisiki vilivyosusa vilikuwa vinachezea ile tepu ya masikio.

"Ya leo nimejitahidi," akasema. "Daktari, leo nimejitahidi sana."

Ile hasira ikamtoka daktari usoni, na kilichokuja badala yake Kisiki hakutaka kukitazama. Daktari aliinuka, akafunga mlango, akamwekea kiti. Walikaa. Nje sauti ya kocha ilikuwa inapanga watu upya.

"Hayo mengine," Kisiki alisema, "niliyoyaacha. Yalikuwa yapi?"

Daktari akamtajia, polepole, kama mwanzo. "Limau. Kengele. Punda. Dirisha. Chumvi. Moshi."

Kisiki alisikiliza mpaka mwisho.

"Limau nakumbuka. Kengele hukuitaja."

"Niliitaja, kaka."

"Punda je? Hapakuwa na punda. Punda ningemkumbuka."

"Niliyataja yote mara tatu," daktari alisema kwa sauti ndogo.

Kisiki alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anavyokubali uamuzi wa refa, maana kubisha hakujawahi kumsaidia. Machozi yalimshuka akayaacha, hakuwa na nguvu za kuyafuta. Alimfikiria mkewe kwenye cherehani, akishona shati la shingo mpya, akiimba labda, kwa kuwa aliambiwa namba hazijasogea. Akatoa simu kwenye lile begi na kuisukuma mezani.

"Mpigie Mama Mapacha," akasema. "Mweleze wewe. Mimi nikimweleza nitaruka kitu, na yeye atataka kujua yote."